Lini Ulimshukuru Mungu kwa Figo Zako?

Ukimpigia mtu simu asubuhi, kabla hujaifikia shida yako mtaulizana habari za nyumbani, na jibu litakuwa lile lile la siku zote: "Tunamshukuru Mungu." Huyo mtu huenda jana kapandishwa cheo, huenda kalala na njaa, jibu halibadiliki. Mwislamu atasema alhamdulillahi, Mkristo atasema Mungu ni mwema, kisha mazungumzo yatahamia kwenye kodi ya nyumba, ada za watoto na yule fundi aliyekula hela ya vifaa akazima simu. Silaumu jibu hilo. Ni adabu, na adabu ina mahali pake. Lakini mwulize aliyelitoa: leo umemshukuru kwa lipi? Wengi watacheka kwanza, halafu watasema, "Kwa kila kitu."

Kumshukuru Mungu kwa kila kitu bila kutaja hata kimoja ni kama mgeni anayesifu mapishi kabla sufuria haijafunuliwa. Mwenyeji atatabasamu, lakini anajua mgeni hajui kilichopikwa. Ninachotaka kueleza hapa ni namna ya kufunua: jinsi ya kuichukua neema moja uliyoishi nayo miaka yote bila kuiona, ukaitaja kwa jina lake, ukamshukuru aliyekupa. Jambo hili halihitaji semina wala mafungo. Linahitaji dakika mbili tatu na ukaidi kidogo.

Kwanza, kwa nini hatuzioni? Kwa sababu hazikatiki. Umeme ukikatika saa mbili usiku, mtaa mzima unajua kwa mpigo mmoja. Ukirudi, watoto wanapiga kelele za furaha nyumba hadi nyumba. Dakika kumi baadaye feni inazunguka, friji inanguruma, na hakuna anayekumbuka kwamba kulikuwa na giza. Sasa fikiria moyo, unaopiga mara zipatazo 100,000 kwa siku, na tangu uzaliwe haujawahi kukuwekea mgawo. Pumzi nazo hupita 20,000 kwa siku. Vitu vyenye uaminifu wa kiasi hicho ndivyo tunavyovisahau, na lau moyo ungekuwa unazimika dakika tano kila Jumanne, Jumatano makanisa na misikiti isingetosha.

Figo ndizo mfano ninaoupenda zaidi. Ziko mbili, kila moja kadiri ya ngumi ya mwenyewe, zimejificha nyuma chini ya mbavu. Kwa saa 24 huchuja kama lita 180 za majimaji ya damu, yaani ndoo tisa za lita ishirini, halafu hurudisha karibu yote mwilini na kutoa lita moja au mbili tu kuwa mkojo. Kazi hiyo inaendelea ukiwa kwenye foleni, ukiwa usingizini, ukiwa unamsengenya jirani. Zikishindwa, mgonjwa hulazimika kwenda kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, takribani saa nne kila mara. Sindano mbili nene mkononi: damu inatoka kwa mrija mmoja, inapita kwenye kichujio, inarudi kwa mrija wa pili. Maji ya kunywa anapimiwa, maana hana njia ya kuyatoa. Mtu aliyezoea kumaliza jagi zima la maji baridi kwenye joto la Februari anaambiwa ahesabu vikombe, na wengine hunyonya vipande vya barafu ili kuidanganya kiu. Familia zinauza viwanja ili kulipia kazi ambayo figo zako ziliifanya jana usiku bila hata kukuamsha.

Baada ya kulijua hilo, kusema "nakushukuru kwa afya" kunaonekana kavu. Sema figo. Hiyo ndiyo mbinu yenyewe, na zinazofuata ni njia tu za kuifikia: asubuhi moja, kitu kimoja, kwa jina lake. "Ee Mola, nakushukuru kwa kidole gumba cha mkono wangu wa kulia." Utajisikia mjinga kidogo mara ya kwanza. Endelea. Anayedhani gumba ni kitu kidogo na asubiri siku atakapolikata akimenya muhogo. Likishafungwa bandeji, kifungo cha shati hakifungiki, ufunguo haugeuki, ujumbe kwenye simu unaandikwa kwa kidole cha shahada kama mtu anayedonoa, na tonge la ugali haliingii kile kishimo cha kuchotea mchuzi. Wiki nzima unakula kwa kijiko nyumbani kwako mwenyewe.

Wala si mimi niliyeanzisha desturi ya kutaja vitu kimoja kimoja. Surat Ar-Rahman ina aya 78, na ndani yake swali moja, la neema zipi za Mola wenu mnazozikanusha, linarudi mara 31. Angalia kilichotajwa kabla na katikati ya maswali hayo: jua na mwezi, mizani, mitende na mafumba yake, nafaka na makapi yake, bahari mbili, lulu na marijani, vyombo vinavyokata mawimbi. Hata makapi yametajwa. Zaburi ya 136 nayo ina mistari 26, kila mmoja ukimalizikia kwa maneno yale yale ya fadhili za Mungu zisizokoma, lakini nusu ya kwanza ya mistari mingi inataja jambo mahususi: jua la kutawala mchana, mwezi na nyota, bahari iliyogawanywa, hata wafalme wawili walioshindwa njiani wametajwa kwa majina, mpaka inafika kwenye chakula cha kila kiumbe. Waliopokea maandiko hayo wangeweza kusema "kwa kila kitu" wakamaliza. Hawakufanya hivyo.

Njia ya kwanza ni mwili, mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu unao hapo ulipo, huhitaji kwenda kuutafuta. Mate, kwa mfano. Ukiwa na homa kali mdomo ukakauka, utajua kwamba hata kumeza panadoli moja kunahitaji mate, na kwamba wali bila mate ni mchanga. Usingizi: muulize mama mwenye mtoto wa wiki tatu. Kope zinazopepesa mara 15 hadi 20 kwa dakika zikilifuta jicho bila kuamriwa. Na kukojoa, ndiyo, hata hilo. Watoto wa madrasa hufundishwa dua ya kutoka chooni, ambayo ndani yake mtu humhimidi Mungu kwa kumwondolea udhia na kumwachia uzima. Wayahudi nao wana baraka yao ya wakati huo huo, inayotaja matundu na mishipa ya mwili na kukiri kwamba likiziba moja lisilotakiwa kuziba, mtu hasimami. Anayeona huo ni mzaha na akamuulize mzee yeyote mwenye matatizo ya tezi dume, anayeamka mara tano usiku na kusimama pale robo saa akisubiri matone.

Njia ya pili ya kuzifikia neema zilizofichika ni kuziondoa. Yaani kichwani. Keti, chagua kitu kimoja kizuri maishani mwako, halafu kifute na uone siku yako inavyokwenda bila hicho. Mwaka 2008 wanasaikolojia wa Marekani, Minkyung Koo na wenzake, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Watu walioandika jinsi tukio zuri lingeweza kabisa kutotokea walijisikia vizuri kuliko walioandika tu jinsi lilivyotokea, na walioandika jinsi ambavyo wangeweza kutokutana na wenzi wao waliridhika zaidi na ndoa na mahusiano yao kuliko walioandika jinsi walivyokutana. Kukumbuka tu kunazoeleka, na kufuta ndiko kunakostua.

Ijaribu hiyo ya mwenzi, hasa kama mmenuniana. Mlikutana wapi? Kwenye msiba wa mtu ambaye wewe hata hukumjua, ulienda kumsindikiza rafiki? Kwenye basi ambalo usingelipanda kama lile la saa kumi na mbili lisingekuacha? Rudi mpaka kwenye ile sekunde ambapo mambo yangeweza kwenda upande mwingine, usimame hapo. Basi la kwanza umeliwahi. Kiti cha pembeni yako kina mzee mwenye kuku kwenye kapu. Umefika Morogoro salama, umeshuka, umekwenda zako. Watoto hawapo. Jina la yule mwanamke hulijui na hutalijua kamwe. Sasa fungua macho umsikie jikoni anavyogombana na kifuniko cha sufuria, bado kanuna. Ukimaliza hapo, maneno ya kumwambia Mungu hayatakusumbua, na pengine hata ya kumwambia yeye.

Onyo dogo: mbinu hii ni ya vitu ulivyonavyo, si ya kujitisha. Mwenye tabia ya wasiwasi asianze kufuta watoto kichwani saa saba usiku. Aanze na bomba la maji. Alifute siku ya Jumamosi ya kufua, aone madumu, toroli, bei ya dumu, mgongo. Wanaoishi mitaa ambayo maji huja kwa toroli hawahitaji zoezi hili. Wao siku bomba likitoa maji huita majirani.

Njia ya tatu inachukua muda kidogo, kwa hiyo naishauri kwa siku za mapumziko. Chagua kitu kimoja mezani ukifuate mpaka kilikotoka. Chukua kikombe cha chai ya maziwa yenye tangawizi. Majani yametoka Mufindi, au Rungwe, au Kericho, ambako mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi moja, akitupia kwenye kapu mgongoni asubuhi ambayo ukungu haujaondoka na mikono haijapata joto. Sukari labda ni ya Kilombero, ya miwa iliyokatwa kwa panga na mtu aliyejaa masizi mpaka kwenye kope, kwa kuwa shamba lilichomwa kwanza. Tangawizi yaweza kuwa ya milima ya Same, imeshuka kwa gunia. Kuna aliyeamka saa kumi alfajiri kukamua, akampapasa ng'ombe kwanza ili ashushe maziwa. Kuna dereva. Kuna mama aliyekuuzia, ambaye amekaa pale gengeni tangu alfajiri. Kisha kuna vitu ambavyo hakuna mtu kati ya hao aliyevitengeneza: mvua iliyoinyeshea Mufindi, nyasi alizokula ng'ombe, utamu wenyewe ndani ya muwa, na ulimi wako unaojua kuutofautisha na uchungu wa majani. Ukifika mwisho wa safari hiyo chai imeshapoa, lakini hutainywa kama ulivyozoea.

Njia hiyo ina faida nyingine: inakuonyesha watu. Kuna mafundisho ya Mtume Muhammad, yaliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Nimeona wacha Mungu wengi wakiliruka hili. Anaimba kanisani mpaka jasho linamtoka, au anakaa kwenye mkeka wa swala mpaka magoti yanauma, lakini dada wa nyumbani aliyemlelea watoto miaka minne hajawahi kuambiwa neno zaidi ya "chumvi imezidi".

Kwa hiyo tenga siku moja ya wiki ya kumshukuru mtu mmoja, na hapo pia kanuni ni kutaja. Usimwambie "asante kwa yote". Mwambie alichofanya, kisha mwambie kilizaa nini, maana hiyo sehemu ya pili ndiyo asiyoijua. "Shikamoo mama. Unakumbuka siku ulinipa nauli niende kwenye usaili, ukasema nisiwaambie kina baba? Basi ile kazi ndiyo ninayofanya mpaka leo, na mdogo wangu nimemsomeshea hapo hapo." Jiandae kwa ukimya upande wa pili wa simu. Jiandae pia kwa "we mtoto una nini leo, unaumwa?", kwa sababu hatujazoeshana maneno haya, na mzee akiyasikia ghafla hudhani unamuaga.

Saa ya kushukuru ndiyo inayowashinda wengi. Watu huanza Januari kwa nguvu, wanaamka saa kumi na moja kwa ajili ya shukrani, na kufikia mwezi wa pili wamelala. Usiongeze saa mpya kwenye siku yako. Iambatanishe shukrani na kitu ambacho tayari hukikosi. Kunawa uso. Kufunga mlango kwa ufunguo unapotoka. Kushuka kwenye bodaboda mguu ukiwa mzima. Kwa Mwislamu anayehesabu tahmidi zake 33 kwenye pingili za vidole baada ya swala, vidole vyenyewe vipo mkononi, navyo ni neema. Akimaliza uradi wake, abaki dakika moja na neema moja kabla hajakunja mswala. Mkatoliki anayefuata njia ya Mtakatifu Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti aliyefariki mwaka 1556, ataona kwamba lile zoezi lake la kujichunguza dhamiri linaanza na kushukuru kwa mema yaliyopokelewa, ndipo yanafuata makosa. Napenda utaratibu huo. Sisi wengi tukipiga magoti usiku tunaanza na mashtaka dhidi yetu wenyewe au orodha ya mahitaji, na usingizi unatukuta huko.

Kushukuru kunadai kusimama, hata kama ni kwa nukta chache. Katika Injili ya Luka, sura ya 17, wenye ukoma kumi wanaambiwa waende wakajionyeshe kwa makuhani, na wakiwa njiani wanatakasika. Siamini kwamba wale tisa hawakufurahi. Bila shaka walifurahi mno, pengine walikimbia, na isitoshe walikuwa wanafanya walichoagizwa. Yule mmoja, Msamaria, alifanya jambo ambalo wenzake hawakulifanya: aligeuka. Alikatisha safari yake mwenyewe, safari halali na ya haraka, akarudi. Ndiyo maana nasema ambatanisha shukrani na mlango au bomba, mahali ambapo mwili unasimama tayari.

Daftari je? Ni zuri, ila lina hila yake. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walitoa utafiti uliokuja kujulikana sana, ambapo kundi moja la wanafunzi waliandika kila wiki, kwa wiki kumi, mambo hadi matano wanayoyashukuru, na wengine waliandika kero zao. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kwa jicho jema zaidi, na hata mazoezi ya mwili walifanya zaidi. Baadaye Sonja Lyubomirsky na wenzake walilinganisha waliohesabu neema mara moja kwa wiki na waliohesabu mara tatu, na faida ikaonekana kwa wale wa mara moja. Mara tatu ikageuka kuwa kazi ya shule. Kwa hiyo kwa mdomo mshukuru Mungu kila siku, lakini andika mara moja tu, Alhamisi usiku kwa mfano, au Jumamosi kabla ya ibada ya kesho yake. Na jiwekee sharti moja gumu: kilichokwisha kuandikwa hakiandikwi tena. Wiki za kwanza utaandika mama, watoto, kazi, afya. Baada ya hapo vitu vikubwa vinaisha, unaanza kutafuta, na hapo ndipo daftari linapoanza kuwa na kazi. Utajikuta unaandika kivuli cha mwembe wa stendi. Harufu ya mvua ikigusa vumbi. Jirani anayezima muziki saa nne.

Kuna shukrani nisizozipenda, na ni afadhali nizitaje. Ya kwanza ni ile inayojengwa juu ya mgongo wa mwenye shida: "Mshukuru Mungu, wenzio hawana hata miguu." Ni kweli tumefundishwa kumtazama aliye chini yetu badala ya aliye juu, na mafundisho hayo ni dawa nzuri ya wivu, dawa anayokunywa mtu mwenyewe kimya kimya. Lakini ukiyatamka mbele ya mlemavu anayepita kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, umemfanya yeye kuwa kipimo cha bahati yako, naye huenda asubuhi hiyo amemshukuru Mungu kwa mambo ambayo wewe hujayaona bado. Mshukuru Mungu kwa mguu kwa sababu ya mguu: unavyopanda ngazi, unavyopapasa kandambili gizani ukazipata.

Ya pili ni ile inayotumika kufunga watu midomo. Mishahara imechelewa, mtu anaambiwa ashukuru ana kazi. Dawa hazipo, mgonjwa anaambiwa ashukuru daktari yupo. Hiyo si shukrani, ni kitambaa cha kufunikia uzembe wa mtu. Kumshukuru Mungu kwa mvua hakumzuii mwananchi kumuuliza diwani mtaro umeziba tangu lini.

Ya tatu ni ya msibani. Mtu hajamaliza hata kuoga maji ya kaburini, tayari anaambiwa ashukuru kwa kuwa marehemu hakuteseka. Mwacheni. Qurani inasimulia jinsi Nabii Yaakubu alivyomlilia Yusufu mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni, na hakuna anayemhesabu miongoni mwa wasioshukuru. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na kwa maoni yangu hizo ndizo siku pekee walizomfaa. Aliyefiwa atashukuru siku yake ikifika, na kwa kawaida huanza na kitu kidogo sana: chai aliyoletewa na jirani asiyesema chochote.

Kwa mdomo tumemaliza, sasa mikono. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliigawa shukrani katika mambo matatu: kuijua neema na mwenye kuitoa, furaha ya moyo inayotokana na kujua huko, na kitendo kinachofuata. Mambo ya kutaja, kufuta na kufuatilia niliyoeleza hapo juu yamo kwenye lile la kwanza, na la pili huja lenyewe. La tatu ndilo tunaloliacha. Neema hushukuriwa kwa kutumiwa mahali pake. Mwenye gari mtaani, shukrani yake ni kuamka saa nane usiku mke wa jirani akishikwa na uchungu. Mwenye macho mazima amsomee bibi barua za hospitali zilizoandikwa kwa herufi za kama sisimizi. Mwenye damu nzuri akachangie chupa moja; mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne, na utatoka pale ukiwa umeijua damu yako kwa namna ambayo ulikuwa hujaijua.

Waislamu wana pia sijda ya shukuru, sijda moja tu, mtu anapopata neema mpya au kuepushwa na balaa. Mafakihi wa madhehebu ya Shafii, wanayoyafuata Waislamu wengi wa mwambao wetu, wanasema sijda hiyo ni ya neema inayozuka, si ya neema inayoendelea. Sababu yao inanifurahisha: neema zinazoendelea hazina mwisho, mtu akizisujudia zote hatainuka. Hao nao walikuwa wamezihesabu.

Kama una watoto, wafundishe mezani, na uwafundishe kama mchezo. Kila mmoja ataje kitu kimoja cha leo, na hairuhusiwi kutaja kilichotajwa jana. Mtu mzima ndiye hushindwa kwanza. Mtoto wa miaka mitano atamshukuru Mungu kwa sababu nzi hakuingia kwenye uji, au kwa sababu kisigino kimepona, au kwa kuwa mbuzi wa jirani ana ndevu. Usimcheke na usimsahihishe kwa kumpeleka kwenye "mambo makubwa", kwa sababu anachokifanya yeye ndicho unachojifunza wewe. Na mkisahau, maana mtasahau, wiki ya wageni au wiki ya mitihani, msilipe deni kwa kutaja vitu saba kwa mpigo. Tajeni kimoja cha siku hiyo, mle.